Kupika na Kula Baada ya Kufiwa na Mwenza: Mwongozo Kamili kwa Mjane, Mgane na Walio Karibu Nao

Kwenye msiba hakuna anayelala njaa. Majirani huleta mchele, mkaa na mafuta, kina mama wanapika uani kwenye masufuria makubwa, vijana wanagawa sahani, na mfiwa analetewa chakula palepale alipokaa kwenye mkeka hata kama hataonja. Shida ya chakula huanza tanga likishaanuliwa. Turubai linashushwa, viti vya kukodi vinahesabiwa na kurudishwa, ndugu wa mikoani wanapanda mabasi. Anayebaki anakuta jiko ni lilelile, sufuria ni zilezile, ila yule aliyekuwa akimpikia, au aliyekuwa akipikiwa naye, hayupo.

Mwongozo huu ni wa kipindi hicho. Nimeuandika nikiwafikiria watu watatu. Mwanamke aliyepika miaka yote kwa kufuata ulimi wa mumewe, na leo ukimuuliza yeye anapenda nini anakaa kimya. Mwanamume ambaye hajawahi kubandika hata maji ya chai, kwa kuwa kila alipoamka kikombe kilikuwa mezani. Na mtoto aliye mbali anayepiga simu kila jioni, anaambiwa "nimekula mwanangu", na hana namna ya kujua kama ni kweli.

Msimamo wangu ni huu: usisubiri hamu ya kula irudi ndipo upange kula. Panga saa, panga kipimo, tafuta mtu wa kula naye. Hamu itakuja nyuma yake.

Hatua ya 1: Siku za tanga, anza na vya kunywa

Siku za mwanzo mwili wenyewe hukataa chakula. Koo linabana, mdomo unakauka, tumbo linajaa kwa matonge mawili. Hiyo ni kawaida ya huzuni na kwa siku chache haina madhara makubwa kwa mtu mwenye afya, mradi anakunywa. Kwa hiyo msimlazimishe mfiwa kumaliza sahani ya pilau. Mpeni vitu vinavyoteremka bila kutafunwa sana, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu: uji wa ulezi uliotiwa maziwa na karanga za kusaga, supu ya kuku au ya samaki, mtori, maziwa mgando, ndizi mbivu, parachichi. Maji ya kunywa yawe karibu na mkono wake muda wote, maana anayelia siku nzima kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hukaukiwa haraka.

Chagueni mtu mmoja awe na kazi hiyo tu. Asiwe yule anayesimamia jiko la wageni, kwa sababu huyo hatapata nafasi. Awe binti, shemeji au jirani wa karibu, ajue mfiwa amekunywa nini tangu asubuhi, na ajue dawa zake ziko wapi.

Hapo kwenye dawa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo msiba mmoja unapoweza kuzaa mwingine. Mtu mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenclamide halafu hali, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Dalili ni jasho jingi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, maneno kuchanganyikana. Kwenye msiba watu huona hayo wakasema ni uchungu, wakampepea. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpeni maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, au soda ya kawaida yenye sukari, kisha ale kitu. Kama amepoteza fahamu msimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na anayeona hataweza kula kabisa asipunguze wala kuacha dawa kwa kubahatisha. Mtu mmoja aende au apige simu kliniki anakotibiwa, aulize.

Hatua ya 2: Kabla kamati ya msiba haijafunga hesabu

Katika Uislamu desturi ya asili ni jirani kuwapikia wafiwa. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, Mtume aliagiza jamaa zake wapikiwe chakula, kwa kuwa walikuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Siku hizi katika mitaa mingi, ya Waislamu na ya Wakristo, mambo yamegeuka: nyumba yenye msiba ndiyo inayolisha umati kwa siku tatu, wakati mwingine tena siku ya arobaini, na wageni wakiondoka debe la unga liko tupu. Naliona hili ni jambo la kusemwa wazi kwenye vikao vya familia.

Cha kufanya ni rahisi. Kabla mhazini hajasoma mapato na matumizi ya rambirambi, familia itenge akiba ya mfiwa ya mwezi mmoja. Kwa mtu mmoja, kilo 5 za mchele, kilo 5 za unga, kilo 2 za maharage, kilo 1 ya dagaa wakavu, lita 2 za mafuta, sukari, chumvi, majani ya chai na mtungi wa gesi uliojazwa au gunia la mkaa vinatosha kabisa. Wekeni stoo vitu hivyo kabla ya kupanga chakula cha siku ya mwisho. Kama kuna mchele na mafuta yaliyobaki, visigawanywe kwa wapishi vyote.

Halafu amueni nani atakwenda sokoni. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi (mwenye mimba, mpaka ajifungue), na muda huo kutoka kwake ni kwa dharura na mahitaji tu. Wengi hufikiwa na chakula wiki mbili za mwanzo, kisha kila mtu anadhani mwingine amepeleka. Mpeni kijana mmoja wa nyumba ya jirani, au bodaboda anayeaminika, kazi ya kupita siku mbili kwa wiki kuchukua orodha na hela. Jina lake lijulikane. "Tutakuwa tunakuja" haijawahi kuleta mchicha nyumbani.

Hatua ya 3: Rudisha saa ya kula kabla ya kurudisha mapishi

Ndoa ina saa zake. Mume anatoka msikitini au kazini, mke anapakua. Mke akirudi gengeni, mume anajua ni muda wa chai. Mmoja akiondoka, saa zile zinaondoka naye, na aliyebaki anajikuta saa tisa alasiri hajatia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi.

Wiki ya kwanza ya kukaa peke yako usijipe kazi ya kupika vizuri. Jipe kazi ya kukaa mezani mara tatu kwa siku, saa zilezile: kwa mfano saa moja na nusu asubuhi, saa saba mchana, saa moja jioni. Funga saa hizo na jambo ambalo tayari lipo, kama taarifa ya habari ya redio, adhana, au kengele ya shule ya jirani. Hata ukila nusu andazi, kaa mezani, kula, ondoa chombo. Usiku usisogeze sana chakula mbele, maana usiku ndipo upweke unapokuwa mzito, na aliyeahirisha mpaka saa nne kwa kawaida huishia kulala bila kula.

Asubuhi ndiyo rahisi kuanza nayo, kwa kuwa hamu ya kula huwa haijachoshwa na mawazo ya siku nzima. Ila chai ya rangi na mkate mweupe, asubuhi na jioni, si chakula cha kumtosha mtu, na ndicho chakula ambacho wajane na wagane wengi huangukia. Kinachopungua hapo ni protini. Mtu mzima wa umri mkubwa anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 mpaka 72. (Mwenye ugonjwa wa figo afuate kiwango alichopewa na daktari wake.) Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa ya robo lita kama 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, na kiganja cha dagaa wakavu, gramu 30 hivi, kinakupa 15 na ushee. Mkate vipande viwili na chai ya rangi havikufikishi hata 8. Asiyepata protini ya kutosha misuli yake inayeyuka, na kwa mzee hilo linaonekana pale anaposhindwa kuinuka kitini bila kushika meza.

Basi asubuhi weka yai la kuchemsha kando ya kiazi kitamu, au chai yenyewe iwe ya maziwa, au uji uwe na karanga. Usibadilishe kingine chochote wiki hiyo.

Hatua ya 4: Punguza sufuria

Mama yangu mdogo alipofiwa aliendelea kupima mchele kwa kopo la maziwa ya unga alilolitumia tangu watoto wakiwa wadogo. Mkono ulikuwa umeshazoea: makopo mawili kwenye ungo, kupepeta, kutoa mawe, kuosha mara tatu. Wali ukiiva anajipakulia vijiko viwili, anakaa, halafu anaitazama ile sufuria iliyobaki imejaa, anaifunika. Ile sufuria ndiyo iliyokuwa ikimuumiza. Kila mchana ilimwonyesha upya nani hayupo, na baada ya wiki kadhaa akaacha kupika wali.

Kilichomsaidia ni binti yake kuyaondoa jikoni masufuria makubwa yote, akayapanga stoo, na kumnunulia sufuria mbili za lita moja, kikaangio kidogo, na kikombe kimoja cha kupimia chenye ujazo wa robo lita. Masufuria makubwa hayakutupwa wala kugawiwa. Sikukuu zipo, wajukuu wapo. Lakini kila siku hakuyaona.

Vipimo vya mtu mmoja ni hivi. Wali: nusu kikombe cha mchele kwa kikombe kimoja cha maji, kijiko cha mafuta na chumvi kidogo. Ugali: chemsha kikombe kimoja na nusu cha maji, tia unga kama kikombe kimoja, ukiongeza kidogo kidogo huku unasonga mpaka ushike unavyopenda. Ugali mdogo unaungua upesi, kwa hiyo moto uwe wa chini. Mboga za majani: fungu moja la mchicha au matembele linasinyaa likawa la mlo mmoja au miwili. Kitunguu kimoja kidogo, nyanya mbili. Ukizoea hapo, mkono wako utajifunza upya, ila kwa miezi miwili ya mwanzo tumia kikombe, usitumie jicho. Jicho bado linapikia watu wawili.

Sokoni nako badilisha. Usione haya kuomba robo ya nyama buchani, wauzaji wamezoea. Hata hivyo, kwa mwenye friji, nusu kilo au kuku mzima ni nafuu zaidi ukigawanya mara tu ufikapo nyumbani: kuku vipande nane, viwili viwili kwenye mifuko, vigande. Nyanya nunua fungu dogo mara mbili kwa wiki kuliko sado zima, kwa sababu nyanya zinazooza jikoni zinakatisha tamaa. Asiye na friji ategemee vitu vikavu: dagaa, choroko, kunde, maharage, karanga, na mayai machache kila mara.

Hatua ya 5: Pika mara moja, kula mara tatu, lakini kiporo kijue vizuri

Siku zipo utakazoamka huna nguvu ya kukata hata kitunguu. Siku hizo ziandalie mapema, kwenye siku ulizo na nafuu. Maharage ndiyo hazina kubwa. Loweka nusu kilo usiku, asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 za mwanzo kisha endelea kwa moto wa wastani mpaka yalainike kabisa. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayosumbua tumbo vibaya kama hayakuchemka ipasavyo. Nusu kilo kavu inatoa zaidi ya kilo moja yaliyoiva. Gawanya kwenye makopo ya mlo mmoja mmoja, mawili weka friji, yaliyobaki gandisha. Siku ya uchovu unaunga kopo moja kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, na ndani ya dakika 20 umekula.

Kuhusu wali, nawaomba wazee wangu wanisikilize. Kiporo cha wali na maharage asubuhi ni kitamu, sisi wote tumekulia hicho. Lakini wali uliolala mezani usiku kucha katika joto letu una hatari. Kuna bakteria wa mchele ambao mbegu zao haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa kwenye uvuguvugu wanazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Zamani nyumba ya watu wengi haikubakisha wali mwingi. Mtu mmoja aliyepika kwa kipimo cha wawili anabakisha kila siku, tena akiugua usiku hana wa kumpa maji. Kwa hiyo wali uliobaki utandaze kwenye sahani pana upoe upesi, uingie friji ndani ya saa moja au mbili, uliwe kesho yake, upashwe mpaka utoe mvuke kote, na usipashwe mara ya pili. Asiye na friji apike unaokwisha. Ukizidi, mpe mtoto wa jirani palepale ungali moto.

Mchuzi, maharage na mboga zilizoungwa hukaa friji siku tatu au nne. Andika siku kwenye kipande cha karatasi ya gundi ubandike kwenye kopo. Huzuni inachanganya siku, na hutakumbuka kama mchuzi ule ni wa Jumatatu au Alhamisi.

Hatua ya 6: Mgane anayeanza jiko leo

Baba mmoja mtaani kwetu, fundi wa magari aliyestaafu, aliishi miezi kadhaa kwa chipsi mayai na soda baada ya mkewe kufariki. Mikono iliyofungua injini za malori ilikuwa inaogopa kupasua yai. Jirani yake, mama wa makamo, alimwita uani siku moja: "Shikamoo baba. Njoo unishikie hili sufuria, mimi nisonge." Akashika. Wiki iliyofuata akasonga yeye. Hakuambiwa kwamba anafundishwa, na nadhani ndiyo sababu alirudi.

Kama wewe ndiye huyo baba, jifunze kwa mpangilio huu, kimoja kikikaa ndipo uende kingine. Kwanza chai ya maziwa, yai la kuchemsha (maji yakichemka, dakika 10) na uji. Uji ukorogee unga kwenye maji baridi kwanza, ndipo umimine kwenye yanayochemka, usije kufanya mabonge. Pili wali na mboga ya majani: kitunguu kwenye mafuta mpaka kilainike, nyanya mpaka zipondeke, mboga, chumvi, dakika chache, epua. Hiyo njia ya kitunguu na nyanya ukishaijua, umejua nusu ya mapishi ya nyumbani, kwa kuwa ndivyo unavyounga maharage, mayai, nyama ya kuchemshwa na samaki wa kukaanga. Tatu dagaa: toa vichwa, osha kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa mpaka mchanga uishe, kausha, kaanga kidogo, kisha unga kwa njia ileile na ukamulie ndimu mwishoni. Ugali uwe wa mwisho, maana unataka nguvu na uzoefu wa moto.

Chumvi ya siku nzima, kwenye vyakula vyote kwa pamoja, isizidi kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 5. Wapishi wapya huonja chakula kikiwa kimechemka sana, wanakiona hakina chumvi, wanazidisha. Mwenye presha aongeze ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili badala yake.

Gesi: washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi ya jiko. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi ya taa. Kuangalia kama mpira unavuja pakaa povu la sabuni, usitumie kiberiti kamwe. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani au kwenye nyumba iliyofungwa, hata mvua ikinyesha. Moshi wake usioonekana unaua mtu akiwa usingizini.

Na kama jiko limekushinda, mama ntilie yupo. Kukubaliana naye akuletee chakula cha mchana siku sita kwa wiki, ukalipa kwa wiki au kwa mwezi, ni mpango mzuri na wa heshima. Mwambie mapema unachotaka: mboga za majani kila siku, mafuta kidogo, tunda moja. Asubuhi na jioni utajitengenezea mwenyewe.

Hatua ya 7: Kiti chake na chakula alichokipenda

Watu hushauri "ondoa kila kitu chake" au "acha kila kitu kilivyo". Mimi nasema anza na pale unapokaa. Kama kiti kilichobaki wazi mbele yako kinakufunga koo, kalia kiti hicho wewe, au hamia barazani, au kula ukitazama dirishani. Sahani na kikombe chake hamna haraka ya kuvitoa. Ukiviona vinakuumiza, mpe mtu wa kukutunzia; ukiona vinakufariji, vitumie.

Chakula alichokipenda ni suala gumu zaidi. Kuna mjane ambaye hawezi kusikia harufu ya samaki wa kupaka, kwa sababu ndicho alichokuwa akipika kila Ijumaa. Aache kwa muda, hakuna ubaya. Lakini asikiache moja kwa moja bila kuamua. Miezi ikipita, akipike siku ambayo kuna watu, watoto au dada zake wakiwepo, na wakizungumza habari za marehemu kwa jina lake. Kupika chakula hicho peke yako kwa mara ya kwanza, usiku, ni mzigo usio wa lazima.

Upande wa pili kuna uhuru ambao wengine huuonea aibu. Pengine mzee hakula mlenda, nawe umeupenda tangu utotoni. Pengine mama hakuruhusu pilipili jikoni. Pika unachokipenda. Andika vyakula vitano ulivyovipenda kabla hujaoa au kuolewa, na kimoja kiwe cha wiki hii. Hukumkosea mtu.

Sikukuu ya kwanza, iwe Idi au Krismasi, na futari ya kwanza ya Ramadhani, zipangwe wiki mbili kabla: utakula wapi, na nani, utaleta nini. Usikubali "tutaona siku ikifika".

Hatua ya 8: Tafuta wa kula naye

Mtu akila na mwenzake anakula zaidi kuliko akila peke yake. Si lazima awe ndugu. Njia ninayoipenda kuliko zote ni majirani wawili waliofiwa, au mmoja anayeishi peke yake, kupikiana zamu: Jumatatu na Jumatano kwangu, Jumanne na Alhamisi kwako. Kila mmoja anapika kwa ajili ya mwingine, na hapo sababu ya kupika inarudi. Wengine hubadilishana mboga tu juu ya ukuta, bakuli linakwenda na kisamvu linarudi na choroko. Kwa desturi yetu bakuli la jirani halirudi tupu, na kwa mtu mpweke hilo lina faida kubwa: kesho lazima apike.

Jumuiya ndogondogo, vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa, darasa la msikitini, wazee wa bao: popote mnapokutana kila wiki, ombeni kikao kimoja kwa mwezi kiwe na mlo wa pamoja ambao kila mmoja amechangia alichopika.

Hatua ya 9: Kwa watoto na ndugu walio mbali

Acheni kuuliza "umekula?" Mzazi atajibu ndiyo ili usihangaike. Uliza "mchana umepika mboga gani?", "ulikula saa ngapi?", "dagaa bado wapo?" Mtu aliyepika atakueleza hata bei ya nyanya. Asiyepika atabadilisha mazungumzo.

Fedha taslimu kwa mzazi mwenye huzuni mara nyingi huishia kwenye shida za wengine. Ongea na mwenye duka na mama wa genge, watumie wao hela kwa simu moja kwa moja, na mzazi achukue anachohitaji. Ukimtembelea, tazama bila kuhoji: debe la unga limepungua tangu mara ya mwisho? Chupa ya mafuta iko palepale? Mkanda umesogea tundu ngapi? Halafu pika pamoja naye. Usimnyang'anye jiko ukamkalisha sebuleni kama mgeni. Mpe viazi amenye, mwulize chumvi inatosha.

Kumhamishia mjini kwako kwa haraka sikushauri, isipokuwa ni mgonjwa. Atakula vizuri wiki mbili, kisha atakosa jiko lake, soko lake na watu wake, na hapo hasara inakuwa mbili.

Hatua ya 10: Lini kwenda hospitali

Pima uzito mwezi wa kwanza, mzani wa duka la dawa unatosha, kisha kila mwezi. Kupungua asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita bila kukusudia, yaani kilo 3 na nusu kwa mtu wa kilo 70, kunataka daktari. Kusiwekwe kwenye hesabu ya majonzi tu. Kunaweza kuwa kisukari, kifua kikuu, meno mabovu au vidonda vya tumbo. Nenda pia kama chakula kinakwama kooni, unatapika, unaanguka kwa kizunguzungu, au pombe imekuwa ndiyo chakula cha jioni. Wanaokula kupita kiasi, hasa vya sukari na vya kukaanga, ili kuziba upweke, nao wapime sukari na presha.

Ikiwa miezi zaidi ya sita imepita na siku nyingi bado huwezi kula, kulala wala kushika shughuli, mweleze daktari hivyohivyo. Na ukisikia moyo unakuambia heri ungekufa na wewe, usingoje miezi. Mwambie mtu leo na uende kituo cha afya leo.

Siku ya kwenda, beba dawa zote unazotumia kwenye mfuko, pamoja na karatasi ya mizani ya kila mwezi, na andika ulichokula siku tatu zilizopita, kila kitu hata chai. Daktari akiuliza "unakula?", mpe ile karatasi.